SOMO LA TEHAMA: Kupima Programu ya Ada kwa Jedwali la Excel na Java

Kifungu cha 210 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Zamani kazi ya kulinda kifungu hicho ilikuwa mikononi mwa karani mwenye kitabu cha stakabadhi. Leo hesabu nyingi za ada hufanywa na programu ya kompyuta. Programu ikikosea alama moja tu, mfanyabiashara wa Daraja Mbili, Keroka au Kebirigo hutozwa pesa ambazo hakuna sheria iliyoziruhusu. Na tofauti na karani, kompyuta hairudii kosa mara moja au mbili. Hulirudia kwa kila anayekuja.

Somo la toleo hili linawalenga vijana wetu wanaojifunza kuandika programu katika vyuo vikuu, vyuo vya kiufundi na vituo vya kidijitali vya Kisii na Nyamira. Linawahusu pia maafisa wa mapato ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa Java. Mwishoni mwa somo tutaona kwa nini hawa wawili wanahitajiana.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma makala haya msomaji ataweza:
1. Kueleza maana ya majaribio yanayoendeshwa na data.
2. Kuandaa jedwali la kesi za majaribio katika Excel.
3. Kulisoma jedwali hilo kwa Java na kuendesha majaribio yenyewe.
4. Kuepuka mitego inayofanya jedwali lenyewe lidanganye.

MAJARIBIO YANAYOENDESHWA NA DATA NI NINI?

Mwandishi wa programu anapomaliza kazi yake hutakiwa kuipima. Njia ya kawaida ni kufungua programu, kujaza fomu kwa mkono, kuangalia jibu na kurudia. Njia hii huchosha. Siku ya kwanza atajaribu mara ishirini, siku ya pili mara tano, na baada ya mwezi ataamini tu kwamba mambo yako sawa.

Hatua ya pili ni kuandika jaribio kwa msimbo, ili kompyuta ijipime yenyewe. Hapa wanaoanza wengi huandika jaribio moja kwa kila hali: moja la duka dogo, jingine la duka kubwa, jingine la anayechelewa kulipa. Baada ya muda huwa na majaribio mia moja yanayofanana kama pacha, tofauti ikiwa ni tarakimu mbili tu. Sheria ya Fedha ya kaunti ikibadilisha viwango, yote mia moja hurekebishwa kwa mkono.

Majaribio yanayoendeshwa na data huvunja kazi hiyo pande mbili. Msimbo wa jaribio huandikwa mara moja. Data zake, yaani kinachoingizwa na jibu linalotarajiwa, hukaa kando kwenye jedwali. Kompyuta huchukua mstari wa kwanza wa jedwali, huendesha jaribio, hulinganisha majibu, kisha huenda mstari wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukitaka kuongeza kesi, huongezi msimbo. Unaongeza mstari kwenye Excel.

MFANO WA SOMO

Tuchukue ada ya leseni ya biashara. Viwango vifuatavyo tumevibuni kwa ajili ya somo tu. Viwango halisi vimo katika Sheria ya Fedha ya kila kaunti.

- Biashara yenye wafanyakazi 1 hadi 5: Sh4,000.
- Wafanyakazi 6 hadi 20: Sh9,000.
- Wafanyakazi 21 na zaidi: Sh20,000.
- Anayelipa baada ya Machi 31 huongezewa asilimia 10.

Fungua Excel, ipe karatasi jina "Kesi", kisha andika hivi:

Namba | Wafanyakazi | Tarehe | Ada | Kanuni
K01 | 1 | 2025-02-10 | 4000 | daraja la kwanza
K02 | 5 | 2025-03-31 | 4000 | mwisho wa daraja la kwanza
K03 | 6 | 2025-03-31 | 9000 | mwanzo wa daraja la pili
K04 | 20 | 2025-04-01 | 9900 | mwisho wa daraja la pili, amechelewa
K05 | 21 | 2025-04-01 | 22000 | daraja la tatu, amechelewa
K06 | 0 | 2025-02-10 | KATAA | biashara bila mfanyakazi
K07 | (tupu) | 2025-02-10 | KATAA | fomu haijajazwa

Mahali palipoandikwa "(tupu)" acha kisanduku kitupu.

Angalia jinsi kesi zilivyochaguliwa. Hatukuandika wafanyakazi 2, 3 na 4, kwa sababu programu inayojua 1 na 5 itajua na hao wa katikati. Makosa hupenda kujificha mipakani: pale 5 inapogeuka 6, pale 20 inapogeuka 21, na usiku ule Machi 31 inapogeuka Aprili 1. Kwa hiyo kila mpaka tumeuwekea kesi pande zote mbili.

Safu ya mwisho, "Kanuni", haisomwi na kompyuta. Ni ya binadamu. Katika jedwali la kazi halisi, hapo ndipo pa kuandika namba ya kifungu au jedwali la Sheria ya Fedha ambalo kesi hiyo imetoka. Miezi sita baadaye mtu akiuliza "hii 9,900 mliitoa wapi?", jibu liko pale pale. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

KULISOMA JEDWALI KWA JAVA

Java yenyewe haijui kusoma faili la Excel. Tunaazima maktaba ya bure iitwayo Apache POI. Kwa kuendesha majaribio tunatumia TestNG, ambayo nayo ni ya bure. TestNG ina kitu kinachoitwa DataProvider. Kazi yake ni kulisha jaribio mstari mmoja mmoja wa data, kama mtu anayetia mahindi kwenye kinu.

Msimbo wa kusoma jedwali ni huu:

    @DataProvider(name = "kesi")
    public Object[][] somaKesi() throws Exception {
        DataFormatter msomaji = new DataFormatter();
        List<Object[]> orodha = new ArrayList<>();
        try (Workbook kitabu = WorkbookFactory.create(
                new File("ada.xlsx"), null, true)) {
            Sheet karatasi = kitabu.getSheet("Kesi");
            for (int i = 1; i <= karatasi.getLastRowNum(); i++) {
                Row mstari = karatasi.getRow(i);
                if (mstari == null) continue;
                String[] data = new String[4];
                for (int j = 0; j < 4; j++)
                    data[j] = msomaji.formatCellValue(
                            mstari.getCell(j)).trim();
                if (!data[0].isEmpty()) orodha.add(data);
            }
        }
        return orodha.toArray(new Object[0][]);
    }

Tuueleze taratibu. Neno "true" mwishoni mwa kufungua faili lina maana ya kusoma tu, ili majaribio yasije yakaandika chochote ndani ya jedwali la afisa. Hesabu inaanza na 1 kwa sababu mstari wa 0 una vichwa vya safu. DataFormatter husoma kila kisanduku kama maandishi, vile macho yanavyokiona kwenye skrini. Kisanduku kitupu hurudi kama maandishi matupu, hivyo K07 haitaangusha usomaji.

Jaribio lenyewe ni fupi:

    @Test(dataProvider = "kesi")
    public void adaNiSahihi(String namba, String wafanyakazi,
                            String tarehe, String ada) {
        LocalDate siku = LocalDate.parse(tarehe);
        if (ada.equals("KATAA")) {
            assertThrows(IllegalArgumentException.class,
                    () -> Kikokotoo.ada(wafanyakazi, siku));
            return;
        }
        BigDecimal imetoka = Kikokotoo.ada(wafanyakazi, siku);
        assertTrue(imetoka.compareTo(new BigDecimal(ada)) == 0,
                namba + ": inatakiwa " + ada + ", imetoka " + imetoka);
    }

"Kikokotoo" ndiyo programu inayopimwa. Mambo matatu ya kuzingatia hapa.

Kwanza, pesa tumezishika kwa BigDecimal, si kwa double. Katika Java, 0.1 ukijumlisha na 0.2 kwa double hupati 0.3 kamili. Unapata 0.30000000000000004. Sehemu hiyo ndogo inaonekana si kitu, lakini hesabu za mwisho wa siku zikikosa kulingana na za benki, mtu atakesha ofisini akitafuta senti.

Pili, tumelinganisha kwa compareTo badala ya equals. Kwa BigDecimal, equals huona 9900 na 9900.00 kuwa vitu viwili tofauti. compareTo huangalia thamani tu.

Tatu, ujumbe wa kosa unataja namba ya kesi. Bila hiyo, mtu ataambiwa tu kwamba jaribio limeanguka, kisha aanze kuhesabu mistari kwa kidole.

JARIBIO LIKIANGUKA

Tuseme mwandishi wa programu alikusudia kuandika "wafanyakazi wasiozidi 5" lakini akaandika "chini ya 5". Tofauti ni alama moja ya usawa. K01 itapita, kwa maana 1 iko chini ya 5. K03 hadi K07 zitapita pia. K02 peke yake itaanguka na kusema:

    K02: inatakiwa 4000, imetoka 9000

Kama jedwali lisingekuwa na mstari huo, programu ingeonekana haina kasoro. Kisha kila mwenye duka la watu watano angelipa Sh5,000 zaidi ya sheria. Wakiwa wafanyabiashara 300, hizo ni Sh1,500,000 zilizochukuliwa bila kibali cha Bunge la Kaunti, na kila mmoja wao ana haki ya kudai arudishiwe. Mstari mmoja wa Excel ungezuia yote hayo kabla programu haijafika sokoni.

JEDWALI NALO HUDANGANYA

Excel ni chombo kizuri, lakini kina tabia ya kumsaidia mtu ambaye hajaomba msaada. Hii ndiyo mitego ya kawaida.

Sufuri ya mbele. Ukiandika namba ya simu inayoanza na 07 au 01, Excel huiona kuwa hesabu na kuitupa sufuri. Jaribio linapokea tarakimu tisa badala ya kumi. Dawa ni kuteua safu nzima na kuipa muundo wa maandishi kabla ya kuanza kuandika.

Namba inayogeuka tarehe. Kibanda cha soko namba 3-12 kinaweza kugeuka tarehe ndani ya Excel. Si sisi tu tunaosumbuliwa. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha baadhi ya majina kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Wanasayansi waliona ni heri kubadilisha majina kuliko kupigana na jedwali.

Tarehe yenye sura mbili. 03/04/2025 kwetu ni Aprili 3, na kwa kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani ni Machi 4. Katika mfano wetu siku moja ni ya faini na nyingine si ya faini. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kama tulivyofanya, na safu iwe ya maandishi.

Koma ya maelfu. Kwa kuwa DataFormatter husoma kile macho yanachoona, kisanduku kinachoonyesha 9,900 kitafika kikiwa na koma, na BigDecimal itakikataa. Acha tarakimu zikae bila koma.

Fomula. Usiweke fomula kwenye safu ya Ada. DataFormatter ikitumiwa kama tulivyoitumia hapo juu hurudisha fomula yenyewe badala ya jibu lake. Na hata ungeirekebisha, jibu lililokokotolewa na Excel ni programu ya pili isiyopimwa.

Mistari inayopotea kimya. Muundo wa zamani wa Excel, wenye jina linaloishia na .xls, hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Ule wa .xlsx hubeba 1,048,576. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, visa 15,841 vya Covid-19 nchini Uingereza vilikosa kuingia katika takwimu za kila siku kwa sababu data zilipitishwa kwenye faili la muundo wa zamani lililojaa. Hakuna kengele iliyolia. Watu waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Funzo kwetu ni kwamba jedwali lililosomwa nusu, au lisilosomwa kabisa, linaweza kuleta ripoti safi isiyo na kosa hata moja. Andika jaribio moja la ziada linalohakikisha idadi ya kesi zilizosomwa ni ile mnayoijua: zikiwa 7, zisomwe 7.

NANI AJAZE SAFU YA ADA?

Hapa ndipo palipo na uzito wa somo zima. Mwandishi wa programu mwenye haraka huendesha programu yake, hunakili jibu lililotoka na kulibandika kwenye safu ya Ada. Majaribio yote hupita. Lakini amepima nini? Ameiuliza programu kama inakubaliana na yenyewe, nayo imesema ndiyo.

Safu ya Ada lazima ijazwe na mtu anayesoma sheria, akiwa na kalamu na kikokotoo cha mkononi, kabla hajaona jibu la kompyuta. Huyo ni afisa wa mapato. Yeye anajua kwamba mama wa kibanda hawekwi daraja moja na duka la jumla. Anajua swali ambalo wafanyabiashara huuliza kila Januari. Hajui Java, wala hahitaji kuijua, kwa sababu jedwali la Excel anaweza kulisoma na kulijaza. Mwandishi wa programu naye hahitaji kuwa mtaalamu wa sheria. Wakae meza moja, huyu alete sheria, yule alete msimbo, na jedwali liwe kati yao.

Tuchukue mji wa Keroka. Uko mpakani mwa Kisii na Nyamira, na suala la nani akusanye ada pale limewahi kuzua mvutano. Hakuna jaribio la Java litakaloamua suala kama hilo. Hiyo ni kazi ya viongozi na sheria. Lakini uamuzi ukishatolewa, jedwali linaweza kuulinda. Ongeza safu ya "Eneo", weka kesi za biashara zilizo pande zote mbili za mpaka, na utaje wazi ni kaunti gani inayotoza kila moja. Tangu siku hiyo programu ikijaribu kumtoza mfanyabiashara mmoja mara mbili, jaribio litaanguka kabla bili haijamfikia.

USITUMIE DATA ZA WANANCHI

Ni rahisi kuchukua orodha halisi ya wafanyabiashara, yenye majina, namba za vitambulisho na simu, na kuifanya jedwali la majaribio. Usifanye hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka data za mtu zitumiwe kwa lengo lile zilizokusanyiwa. Jedwali la majaribio hunakiliwa kwenye kompyuta za wengi, hutumwa kwa barua pepe na husahaulika kwenye diski ndogo. Buni data zako. Ukihitaji namba ya PIN ya KRA ya kupima fomu, unachohitaji ni umbo lake tu: herufi moja, tarakimu tisa, herufi moja. Huhitaji PIN ya jirani.

NA FOMU YA KWENYE MTANDAO JE?

Jedwali lile lile linaweza kuendesha kivinjari. Selenium ni chombo kinachofungua ukurasa, kujaza fomu na kubofya vitufe kama mtu. Badala ya kuita Kikokotoo moja kwa moja, jaribio huandika idadi ya wafanyakazi kwenye fomu na kusoma ada iliyoonyeshwa. Ila majaribio ya kivinjari ni ya polepole, na huanguka hata mtandao ukiyumba kidogo. Ushauri wetu ni huu: kesi nyingi zipime hesabu moja kwa moja, na chache tu zipite kwenye fomu kuhakikisha vitufe vinafanya kazi.

SHERIA MPYA IKIJA

Mwaka wa fedha wa serikali za kaunti huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Viwango vikibadilika, usifute jedwali la zamani. Anayelipa deni la mwaka uliopita bado anahukumiwa kwa viwango vya mwaka uliopita. Ongeza mistari ya viwango vipya, na uweke kesi za Juni 30 na Julai 1 bega kwa bega. Kisha endesha majaribio kabla ya kugusa programu. Mistari mipya itaanguka yote, na hilo ni sawa: inaonyesha kazi iliyobaki. Rekebisha programu hadi mipya ipite na ya zamani isianguke.

ZOEZI

1. Ongeza kwenye jedwali letu kesi nne ambazo hazimo. Kidokezo: fikiria idadi hasi, neno "watano" lililoandikwa kwa herufi, Januari 1, na Desemba 31.
2. Tuseme ada ya daraja moja imewekwa kuwa Sh4,125. Asilimia 10 ya faini ni Sh412.50. Je, mlipaji atozwe senti hamsini, zipunguzwe au zipandishwe hadi shilingi nzima? Andika nani anapaswa kujibu swali hilo, kisha uweke mstari wa jedwali baada ya kupata jibu.
3. Ondoa mistari yote ya jedwali isipokuwa vichwa, uendeshe majaribio na uone ripoti itasema nini. Kisha andika jaribio la kuhesabu kesi, uendeshe tena, na ulinganishe ripoti hizo mbili.